Altezza, Mark X au RX-8: ulipe shilingi ngapi kwa gari la sporti la mtumba ukiwa Mtwara

Februari nilifuatana na mpwa wangu hadi Mikindani kuangalia Altezza nyeupe. Tangazo lilikuwa na maneno yote ya kawaida: namba D, AC inapiga, njoo na fundi wako, milioni 11, maongezi yapo. Gari lilikuwa limeoshwa mpaka linateleza, rimu za inchi 18 zinang'aa, muziki nyuma umejaza buti nzima. Kilometa kwenye dashibodi zilisoma 78,000. Fundi wetu hakufungua hata boneti kwanza. Alikaa kwenye siti ya dereva, akapitisha kidole juu ya raba ya pedeli ya breki. Upande wa kulia ilikuwa imelika mpaka chuma kimechungulia, na usukani ulikuwa umelainika kama mpini wa jembe la zamani. "Mjomba," alimwambia mwenye gari kwa upole, "hizi kilometa zimerudi utotoni."

Nimeanza na hilo kwa sababu wanunuzi wengi huku kwetu, Mtwara hata Lindi, huanzia kwenye bei aliyoitaja muuzaji, kisha wanaanza kuomba apunguze. Hapo umeshaingia uwanjani kwake. Bei yako uijenge mwenyewe kabla hujaisikia yake.

Mimi naijenga hivi. Kwanza natafuta gari la aina hiyo hiyo, mwaka huo huo, likiwa safi, linauzwaje Dar. Naongeza kidogo, kwa sababu kulileta huku ni kilometa kama 560 za mafuta, dereva na siku moja barabarani. Kisha natoa kila kitu nitakachokitengeneza ndani ya miezi sita ya kwanza, kwa bei ya spea pamoja na mkono wa fundi. Mwisho natoa tena kidogo kwa ajili ya siku nitakayoliuza, maana gari la sporti Mtwara halina wateja wengi kama IST. Ukikwama nalo, unakwama nalo kweli.

Kwa ile Altezza, safi ya Dar tuliikuta kwenye milioni 10. Tukaongeza laki tatu za kuileta. Tairi nne zilikuwa vipara: laki saba. Shokapu za mbele zinavuja: laki nne. Mkanda wa taimingi hakuna aliyejua ulibadilishwa lini, kwa hiyo tuliuhesabu kuwa haujawahi kuguswa: laki nne na nusu pamoja na pampu ya maji. Halafu kutu, ambayo nitaieleza: laki sita. Jumla ya matengenezo ni milioni 2 na laki moja na nusu. Hesabu ikasimama kwenye milioni 8 na laki moja na nusu. Tukaanzia 7.8, jamaa akacheka, tukakaa kwenye mkeka saa nzima, tukaondoka na 8.3. Muziki hatukuulipia hata senti, na rimu pia. Muuzaji anakumbuka alichotumia kuvinunua, lakini rimu za 18 zenye tairi nyembamba kwa barabara zetu ni hasara inayong'aa.

Sasa kutu. Gari lililokaa Shangani, Mikindani, Lindi mjini au Kilwa Masoko linapumua chumvi usiku na mchana. Usiitafute kwenye milango, hapo imeshapigwa puti, ile lipu ya kuzibia bodi, na rangi. Toa zulia la buti, toa tairi la akiba, washa tochi ya simu, kisha gonga kwa bisibisi pembeni mwa shimo la tairi. Chuma kizima kinalia. Chuma kilicholiwa kinatoa sauti ya karatasi, na wakati mwingine bisibisi inapita. Kwenye ile Altezza ilipita upande wa kushoto, na chini yake tukaona mchanga mweupe umelala pale kama umewekwa. Angalia pia mikono ya suspensheni, mabomba ya breki na sehemu za kukalia jeki. Sumaku ndogo ya elfu mbili itakuambia palipo na puti: haitashika.

Na chini ya bampa ya mbele lala kabisa, usione haya. Gari lolote la chini lililotoka Dar limepita matuta ya Kibiti, Somanga, Nangurukuru na Mchinga. Ukikuta springi zimekatwa ili likae chini zaidi, toa hela ya springi nne na shokapu nne kwenye hesabu yako. Usikubali kusikia kwamba "hiyo ni staili".

Haya, tupange magari yenyewe. Nimeyapanga kwa jinsi ninavyoweza kumwambia ndugu yangu wa damu alipe, na bei ninazotaja ni kikomo changu kwa gari ambalo halihitaji chochote. Likihitaji, toa.

La kwanza ni Toyota Altezza, hasa AS200. Yalitengenezwa kuanzia 1998 hadi 2005, yanasukuma kwa tairi za nyuma, na AS200 ina injini ya silinda sita ya lita 2, 1G-FE. Injini hiyo hiyo iko kwenye Mark II GX110, ile tunayoiita Grande, na ndiyo sababu nimeliweka juu. Fundi wa Magomeni ya hapa Mtwara anaijua kwa kufumba macho, na spea ukipiga simu Gerezani, Dar, asubuhi zinapanda basi jioni. RS200 yenye 3S-GE ya silinda nne ina nguvu zaidi na raha zaidi, ila inataka fundi makini na mmiliki asiyeruka kumwaga oili. Zote mbili zinatumia mkanda wa taimingi, si cheni. Kikomo changu ni milioni 9 kwa AS200, na milioni moja zaidi kwa RS200 yenye gia sita za mkono ambayo haijafundishiwa drifti, yaani kuteleza nayo kwa makusudi. Utajuaje? Angalia tairi za nyuma na sikiliza difu, ile gia ya kati ya tairi za nyuma, ukiwa gia ya pili, unakanyaga na kuachia. Ikigonga, limefundishiwa.

La pili ni Mark X. Kuna watakaosema hilo si gari la sporti, ni gari la bosi. Wapande la lita 2.5 barabara ya Mingoyo kwenda Mtama ndipo waseme. Toleo la kwanza, GRX120, ni la 2004 hadi 2009. Toleo la pili, GRX130, liliendelea mpaka 2019. Ugonjwa unaotajwa sana kwenye injini ya lita 2.5, 4GR-FSE, ni kula oili, na kaboni kujijenga kwenye vali kwa sababu mafuta yanapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Kwa hiyo nenda asubuhi, mwambie mwenyewe asiliwashe kabla hujafika. Gusa boneti. Ikiwa ya moto, ameshakuzunguka. Chomoa kijiti cha oili uone kiwango, kisha mtu mmoja awashe na wewe usimame nyuma ya eksozi. Moshi wa bluu ukija na kupotea, injini inakunywa kidogo kidogo. Usipopotea, ni milioni mbili na zaidi za kutoa kwenye bei, au urudi nyumbani. Silensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, nayo itulie, isipande na kushuka. Kikomo: milioni 10 kwa 120, 16 kwa 130.

La tatu, Subaru Impreza WRX. Kwa mvua za Machi na Aprili, tairi nne zinazosukuma ni neema ukiwa njia ya Tandahimba. Ila kuna ujanja mmoja hapa. Impreza ya kawaida inachomekwa boneti lenye tundu na stika za STI, bei inapanda milioni tatu. Fungua boneti uangalie chini ya lile tundu. WRX ya kweli ina intakula pale, kile kitu cha bati chenye mapezi kama rejeta ndogo iliyolala juu ya injini. Pakiwa patupu, tundu ni urembo, na wewe lipa bei ya Impreza ya kawaida. Ikiwa ya kweli, uliza turbo, uliza mkanda wa taimingi, ambao kilometa 100,000 ndio mwisho wake, na uliza fundi gani amekuwa akiigusa. Injini yake imelala, hata kubadili plagi kunataka subira, na mafundi wa kulielewa huku ni wa kuhesabu. Mimi sitoi zaidi ya milioni 11, na hapo nimebaki na akiba nyumbani.

Toyota 86, la kuanzia 2012, ni zuri kuliko yote niliyotaja, na sina la kusema zaidi. Ukilikuta Mtwara muuzaji anajua analo peke yake. Kabla hujampa anachotaka, ingia kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, cha magari yaliyotumika, weka mwaka na ukubwa wa injini, uone kodi yake ingekuwa kiasi gani ukiliagiza Japani mwenyewe. TRA wana thamani yao, hawafuati risiti yako. Juu yake kuna ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini, na VAT asilimia 18 inayokuja juu ya hayo yote, na gari lililozidi miaka minane huongezewa ushuru wa uchakavu. Jumlisha na bei ya gari, meli, bandari na kulisafirisha. Hapo ndipo dari la bei yake.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza kwa nini Altezza ya 2001 bado ina bei. Ukitaka kuingiza nyingine leo, uchakavu utakumaliza. Na usidanganywe na namba D. Herufi inasema gari lilisajiliwa lini Tanzania, haisemi lilizaliwa lini. Mwaka wa kutengenezwa uko kwenye kadi.

La mwisho kabisa ni Mazda RX-8, na hili ndilo vijana wananiuliza kuliko yote. Ni zuri, siwezi kukataa. Milango ya nyuma inafunguka kinyumenyume, sauti yake ni ya kipekee, na bei yake kila mara iko chini. Injini kwenye kadi ni cc 1,308, kwa hiyo ushuru wake wa bidhaa ni wa daraja la asilimia 5 wakati Mark X ya 2.5 inakaa kwenye 10. Mtu anaona 1.3 anadhani linakula mafuta kama Vitz. Linakunywa kama lori. Ndani hakuna pistoni, kuna rota mbili za pembe tatu zinazozunguka, na kwenye kila ncha kuna sili. Sili zikichoka, mgandamizo unapotea, na gari linakuwa na tabia moja ya ajabu: likiwa baridi linawaka vizuri, likipata moto halitaki.

Rafiki yangu wa Lindi alinunua moja Dar kwa milioni 6. Alifurahi mpaka Nangurukuru. Akazima aweke mafuta, halikuwaka tena. Alikaa pale na pakiti mbili za korosho karibu saa mbili mpaka injini ipoe. Alipofika nyumbani akagundua kwamba hata kupima mgandamizo wake kunataka kipimo chake maalumu, na hakuna fundi wa karibu aliyekuwa nacho. Tena RX-8 linachoma oili kwa kuundwa hivyo, kwa hiyo asiyekagua kijiti kila wiki anaiua injini mwenyewe. Moyo ukikulazimisha, liendeshe nusu saa, lizime, subiri dakika tano, liwashe. Lisipowaka mara moja, lipa bei ya bodi na siti tu. Mimi kikomo changu ni milioni 4.

Kuhusu wakati wa kununua: usinunue msimu wa minada ya korosho. Oktoba hadi Desemba hela ikishaingia kupitia AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, kila mwenye gari anaongeza kitu juu, na atapata wa kumlipa. Januari ada za shule zinamrudisha mtu chini. Februari hadi Mei ndipo pa kwenda, na mvua inakuonyesha bure maji yanapoingilia.

Mafuta nayo yaweke kwenye hesabu ya mwezi, si ya ununuzi. EWURA, wasimamizi wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na ya bandari ya Mtwara ina safu yake. Gari la kilometa nane kwa lita litakula lita 70 kwenda Dar peke yake.

Mkishakubaliana, usitoe hela siku hiyo. Angalia deni la faini za barabarani kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi, kisha hakiki bima kwenye mfumo wa TIRA, wasimamizi wa bima. Linganisha namba ya chesisi na iliyo kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Kadi halisi iwe mkononi, maana watu wanaweka kadi rehani kwa wakopeshaji na kukuonyesha kivuli, na jina lililoandikwa liwe la huyo unayemlipa. Mkataba uandikwe kwa wakili, na humo mpange nani analipa ada ya kuhamisha umiliki TRA. Mpwa wangu alisahau kuliandika hilo, na mpaka leo wanarushiana meseji na jamaa wa Mikindani.