Mihadhara ya Historia ya Sanaa kwa Wazee: Tathmini ya Mhudhuriaji

Nimemaliza kuhudhuria mihadhara sita ya historia ya sanaa iliyoandaliwa kwa ajili ya watu waliovuka umri wa miaka 60, nami naandika tathmini hii kwa ajili ya mstaafu mwenzangu anayejiuliza kama kuna haja ya kutoka nyumbani kwenda kutazama picha ukutani. Haja ipo, ingawa mihadhara yote sita haikuwa na uzito mmoja.

Uliofana kuliko yote ni ule wa tatu, uliomhusu mchoraji Mfaransa Claude Monet. Mhadhiri hakuanza na mwaka wa kuzaliwa wala majina ya walimu wa mchoraji, bali alituwekea picha mbili za daraja lile lile la bustani yake huko Giverny, Ufaransa: moja ya mwaka 1899, yenye kijani kilichotulia na maji ambayo ungeweza kuyachota, na nyingine ya miongo miwili hivi baadaye, ambamo daraja limemezwa na wekundu na hudhurungi hata mtu akawa analitafuta. Kisha akanyamaza. Kimya hicho kilinikera mwanzoni, mpaka bibi mmoja wa safu ya mbele aliposema, “Huyu macho yalikwisha kumharibikia,” na kabla hajajibiwa, mzee mwingine akaeleza jinsi alivyokuwa akiona mashuka yake meupe kana kwamba yamefuliwa kwa maji ya chai, hadi alipopasuliwa mtoto wa jicho. Hapo ndipo tulipoelezwa kwamba Monet aligunduliwa kuwa na ugonjwa huo huo mwaka 1912, kwamba aliuogopa upasuaji hadi mwaka 1923, akiwa na miaka 82, na kwamba baadaye alilalamika kuwa anaona buluu kupita kiasi, ikabidi avae miwani ya rangi. Yule mzee alitikisa kichwa kama anayesikia habari za jirani.

Mhadhara kuhusu Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, nao ulikuwa mzuri, hasa maelezo kwamba ile picha yake kubwa ya walinzi, ya mwaka 1642, ilipewa jina la “Lindo la Usiku” kwa sababu vanishi ilikuwa imeingia weusi, na kwamba mwaka 1715 ilikatwa kingo zake ili ienee kwenye ukuta mpya. Miguno iliyosikika ukumbini ilikuwa ya uchungu wa kweli.

Dosari zipo, na nyingine ni za kuudhi. Maandishi ya chini ya picha yalikuwa madogo mno kwa hadhira iliyokusudiwa, na taa zilizimwa zote wakati baadhi yetu bado tunapapasa ngazi kwa fimbo. Kipaza sauti kilikuwa kimoja tu, kwa hiyo maswali ya safu za nyuma yalipotea hewani. Mhadhara wa sita, uliohusu karne ya 20, ulipitisha kazi zaidi ya thelathini kwa saa moja, nami nilitoka bila kukumbuka hata moja. Ningeridhika na mchoraji Mfaransa Matisse peke yake, aliyegeukia mkasi na karatasi za rangi baada ya upasuaji wa mwaka 1941 kumdhoofisha.

Nimekwisha kujiandikisha kwa awamu ijayo, na nimeomba kiti cha safu ya pili, nyuma ya yule bibi.