TAHADHARI kwa wenye magari Mwanza: ukiambiwa "mpira wa mafuta umegoma, tukate tu", kataa kwanza

Wana Mwanza, hasa wenye Subaru, nisikilizeni kidogo. Nimepigwa, tena nimepigwa mchana kweupe huku natazama. Kama ingekuwa ni hela tu imekwenda ningenyamaza, mjini ndivyo kulivyo. Lakini nusura gari liwake moto na mama mkwe wangu yumo ndani.

Gari ni Forester ya zamani, zile ambazo filta ya petroli iko chini ya boneti na imeshikwa na mipira miwili. Mmoja unaleta mafuta kutoka kwenye tangi, wa pili unayapeleka kwenye nozo, zile zinazopuliza petroli ndani ya injini. Njia tambarare lilikuwa halina shida, ila nikilipandisha Bugando linajivuta mpaka bodaboda wananipita wakinicheka. Nikajua ni filta, maana tangu nilinunue sijawahi kuigusa. Nikanunua filta mpya mwenyewe, nikampelekea fundi mmoja wa kando ya barabara ya Musoma. Gereji silitaji, na duka nitakalolieleza silitaji pia. Nataka mjue mchezo wenyewe, kwa sababu fundi akihama eneo anahama nao.

Fundi kalegeza klipu, kavuta mpira mara moja, katikisa kichwa. "Bosi, hii imeungana na filta. Tukilazimisha tunavunja paipu ya chuma, hapo utanunua laini nzima." Angalia hapo, kwanza anakutisha kwa kitu cha bei kubwa ili cha bei ya kati kionekane nafuu. Akachokoachokoa na bisibisi bapa kama dakika mbili, za kunionyesha kwamba amejitahidi. Kisha akachukua kisu cha jikoni, kile cha mpini wa njano cha kukatia nyanya, akakata mipira yote miwili katikati. Katikati, jamani, si kwenye ncha! Petroli ikaruka mpaka kifuani kwake, na hatua kama kumi kutoka pale jirani yake alikuwa anachomelea egzosi, cheche zinaruka. Hakuna aliyeshtuka isipokuwa mimi.

Baada ya hapo huna ujanja. Gari limefunguka, haliwaki, mafuta yanachuruzika kwenye beseni. "Kuna duka nalijua, wana mipira orijino ya Japani, ya presha." Dogo katumwa na boda, karudi baada ya robo saa na vipande viwili, kila kimoja kama shibiri moja, vyeusi vinang'aa, vina maandishi meupe. Elfu arobaini na tano kila kipande. Ufundi thelathini. Nikaomba apunguze, akasema mali si yake.

Sasa niseme ukweli kuhusu mpira kugoma, maana uongo wao umejificha ndani ya ukweli. Mpira uliokaa miaka mingi kwenye filta unang'ang'ania kweli. Joto la injini linaukausha, raba inashikana na chuma kama ukoko na sufuria. Kwa hiyo fundi akikwambia umegoma, anaweza kuwa sahihi kabisa. Uongo unaanza anaposema dawa ni kukata, na unakomaa anapokata mahali ambapo lazima ununue mwingine.

Siku ya tatu nilikuwa nampeleka mama mkwe Sengerema msibani. Tumefika Usagara, kabla ya kukata kuelekea Kigongo, akasema, "Baba, mbona kunanuka kama kibatari?" Nikamwambia ni lori la mbele. Lori likakunja, harufu ikabaki na sisi. Nikaegesha, nikazima, nikafungua boneti. Ule mpira unaokwenda kwenye nozo ulikuwa unatoka jasho. Sitanii, matone madogomadogo mwili mzima, na umevimba kama andazi. Nilipoubinya ulikuwa laini, kidole kinazama. Pale kwenye klipu raba ilikuwa imechanika, na petroli inadondokea injini ya moto. Mama mkwe nilimtoa mbiombio, akaenda kukaa chini ya mwembe ng'ambo ya barabara, kitenge kimefunika pua, hasemi neno. Ule ukimya nitaukumbuka kuliko hela.

Akaitwa fundi mmoja mzee wa palepale. Hakuuliza mengi. Akapitisha kidole gumba juu ya yale maandishi meupe, yakafutika. Akaugeuza ule mpira, akanionyesha pale ulipokatwa: nyeusi tupu. "Mpira wa mafuta wa kweli una nyuzi katikati ya raba, kama bandeji. Huu ni wa maji, mwanangu. Au wa upepo." Pampu ya gari la nozo inasukuma petroli kwa presha inayofika karibu bar 3, yaani zaidi ya upepo wa tairi la gari dogo. Mpira usio na nyuzi hauwezi kuistahimili hiyo, na kama raba yenyewe si ya mafuta, petroli inaila na kuivimbisha. Akaninunulia mpira wa kweli kwa mtu wake, umeandikwa 30R9 ambayo ni daraja la magari ya nozo, na kwa bei ya kipande kimoja cha yule tapeli nilipata mita nzima na chenji ikabaki.

Wiki iliyofuata nilirudi kwake kwa makusudi, nikakaa kwenye ndoo nikamtazama akibadilisha filta ya Forester ya mtu mwingine. Mipira ilikuwa imegoma vilevile. Kwanza aliacha injini ipoe. Akachomoa plagi ya pampu ya mafuta, akawasha, injini ikanguruma kidogo ikajizima yenyewe kwa kukosa petroli, akapiga stata tena mara mbili. Hiyo ndiyo inayotoa presha kwenye laini, na ndiyo sababu kwake hakuna aliyerukiwa na petroli kifuani. Akatoa waya wa hasi wa betri, akatandika tambara chini ya filta kwa yale mafuta machache yanayobaki.

Kisha kwenye mpira: akalegeza klipu akairudisha nyuma kabisa. Hakuvuta. Aliusukuma mpira kwa ndani kwanza, kuelekea filta, kidogo tu. Halafu akaushika na plaizi iliyozungushiwa kitambaa, akauzungusha kushoto na kulia mpaka ukaachia kwa kamlio kadogo. "Ukishazunguka umetoka," alisema, na kweli baada ya hapo aliuvuta kwa vidole. Wa pili ulikuwa mkaidi. Akachukua spoki ya baiskeli aliyoikunja ncha na kuisugua iwe butu, akaipitisha taratibu kati ya raba na chuma kuzunguka pande zote, na tone la mafuta ya silikoni, ya kulainisha. Ukaachia. Ile bisibisi bapa ya yule bwana mwingine inakwaruza chuma na kuchana mpira kwa ndani, unavuja hata kama haujakatwa.

Nikamuuliza, na ukigoma kabisa? Akacheka. Filta ya zamani si inatupwa? Basi unachana mpira kwa urefu, palepale juu ya mdomo wa filta, sentimita moja au mbili kwenye ncha. Ukikwaruza mdomo wa filta hakuna hasara. Kama mpira ni mzima na una urefu wa ziada, unaondoa ile ncha tu, unavalisha filta mpya kwa kufuata mshale wa mafuta. Kama umekauka na una nyufa, hapo sawa, unabadilishwa. Lakini uonyeshwe nyufa kwanza, ukunje mbele yako uone. Na kiberiti kisisogee. Kuna mafundi wanapasha mpira moto ili ulainike, hao ondokeni kwao hata kama gari limeinuliwa kwa jeki.

Duka nililifuata mwenyewe. Nikamwonyesha muuzaji ule mpira uliovimba. Jibu lake: "Kaka, petroli ya siku hizi inakula mpira." Yaani petroli ndiyo ina makosa! Nikadai hela, akaomba risiti. Nilichokuwa nacho ni kikaratasi cha daftari alicholeta dogo: "spea mbalimbali 90,000", hakina jina la duka wala muhuri. Bidhaa yenye chapa bandia inaripotiwa Tume ya Ushindani, FCC, lakini nikiulizwa nilinunua wapi, kile kikaratasi hakisemi. Ningekwenda dukani mwenyewe nikadai risiti ya EFD, leo ningekuwa na pa kuanzia. Fundi naye nikimpigia simu haipatikani, ila gerejini yupo kila siku, anachokoa.

Kwa hiyo wakituma dogo na boda, ongozana naye au nenda mwenyewe. Kabla ya kulipa, tazama nyuzi pale mpira ulipokatwa, na usugue maandishi kwa kidole gumba uone kama yanafutika. Na vipande vyako vya zamani usiwaachie. Vyangu walivitupa kabla sijavidai, sasa sina hata cha kuonyesha kwamba vilikuwa vizima.

Ile mipira bandia ninayo, iko kwenye mfuko nyuma ya gari. Mmoja maandishi ya JAPAN yamebaki PAN. Mama mkwe nimemrudisha salama kwa gari hilohilo, ila siku hizi kabla hajapanda anasimama mlangoni, ananusa kwanza.