Kikao cha ndugu wa waraibu, Dodoma: kinafaa, ila kina mapengo

Soba hausi nyingi, yaani nyumba za kuwasaidia waraibu waache pombe na dawa za kulevya, humpokea mgonjwa, kisha mama yake huambiwa arudi nyumbani akasubiri. Hii moja ya pembezoni mwa Dodoma mjini, ambayo jina lake tunalihifadhi, huwaita ndugu peke yao kila Jumamosi saa nne asubuhi, kwa wiki sita. Mgonjwa haingii. Tunaisifu kwa hilo, maana mbele ya mwanawe hakuna mama atakayekiri kwamba yeye ndiye analipa madeni ya gongo.

Utaratibu unafanana na wa Al-Anon, vikundi vya ndugu wa walevi vilivyoanza Marekani mwaka 1951: ndugu hufundishwa kwamba hawakuuleta ulevi, hawawezi kuutawala wala kuuponya. Kwa mama ambaye ukoo mzima unamwambia amelea vibaya, hilo la kwanza peke yake linamshusha mzigo.

Kazi yenyewe iko kwenye daftari. Kila mtu huchora safu tatu: nilichofanya, kilichonigharimu, na ambacho kingetokea nisingefanya. Mke anaandika: nimempigia bosi wake, nikasema ana malaria, nimelipa 12,000 kwa Mangi wa dukani, nimekesha nikisikilizia geti. Safu ya tatu ndiyo inayouma. Angepewa onyo kazini, Mangi angemnyima mkopo. Hapo anaona kwamba hasara zote za pombe zinamwangukia yeye, mume hajaonja hata moja.

Mshauri hamkemei. Anamtaka achague jambo moja tu la kuacha wiki hiyo, na amwambie mume asubuhi akiwa hajanywa: "Kuanzia Jumatatu deni lako kwa Mangi silipi." Moja, kwa sababu wanaotoka na masharti kumi huyavunja yote kabla ya Jumatano, na mlevi anajua kwamba akipiga kelele kidogo watalegea. Chakula na ada za watoto haviingizwi kwenye masharti.

Watoto wamepewa nusu saa tu katika wiki zote sita. Haitoshi. Binti wa miaka kumi na miwili anayepika, anayeogesha wadogo zake na kumficha baba funguo za pikipiki naye amenasa, na walimu humsifu kwa utulivu.

Pengo la hatari ni ushauri wa "mfungieni ndani, arosto itapita." Arosto, yaani mateso ya mwili ukikosa ulichozoea, ikiwa ni ya unga (heroini) hutesa sana, lakini kwa anayekunywa pombe kali kila siku hali ni nyingine kabisa. Akikatishwa ghafla, degedege huweza kumpata kati ya saa 6 na 48 baada ya kinywaji cha mwisho, na kuweweseka kukafuata siku ya pili hadi ya nne. Watu hufa hivyo. Apelekwe hospitali kabla hajaacha. Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, ipo hapahapa Dodoma. Vilevile ndugu hawaambiwi kwamba aliyekaa miezi bila unga, akirudia kipimo chake cha zamani, pumzi inaweza kukatika.

Baada ya wiki ya sita hakuna anayepiga simu kuulizia, wakati huo ndio mgonjwa anarudi nyumbani. Akina baba nao hawaonekani. Viti vimejaa mama, dada na wake. Wangepigiwa simu wao wenyewe, badala ya kutumiwa salamu kupitia wake zao.

Gharama ni 5,000 kwa familia kila kikao. Nendeni wawili kutoka nyumba moja, maana mmoja akiacha kulipa deni na mwingine akalipa kwa siri, wiki nzima imepotea.