Fimbo za Nikeli kwa Kuchomelea Chuma cha Kusubu: Tathmini ya Matumizi ya Pwani

Fimbo za kuchomelea za daraja la ENiFe-CI, ambazo huacha mshono wenye nikeli takribani asilimia 55 na sehemu kubwa iliyobaki ikiwa chuma, zimetengenezwa kwa ajili ya chuma cha kusubu, yaani kile kinachoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu ili kiwe ganda la pampu au mguu wa mashine ya kusaga. Nimezitumia zenye unene wa milimita 3.2 kwa kazi za namna hizo mbili hapa pwani. Naziona zinastahili bei yake, ambayo ni mara kadhaa ya bei ya fimbo za kawaida, mradi mnunuzi achunguze kwanza chuma chake kimeliwa kiasi gani.

Chuma cha kusubu hubeba kaboni ya asilimia 2 hadi 4, na fimbo ya kawaida ya E6013 inapoyeyuka juu yake hufyonza kaboni hiyo, mshono ukawa mgumu na kupasuka unapopoa. Katika nikeli, sehemu kubwa ya kaboni hujitenga ikawa grafiti, yaani kaboni laini kama ile ya ndani ya penseli, hivyo mshono hubaki laini kiasi cha kukubali keekee na tupa. Mguu wa mashine ya kusaga ulikuwa na ufa. Tulitoboa tundu dogo kila mwisho wa ufa huo ili usiendelee, tukachimba mfereji wa umbo la V, kisha tukachomelea vipande vya milimita 25 hivi kwa umeme mdogo, kila kipande kikigongwa kwa nyundo ndogo kingali cha moto na kuachwa mpaka mkono uweze kukigusa. Ni kazi ya subira, na fundi anayelipwa kwa haraka hataipenda, lakini mguu huo unabeba mashine hadi leo na ufa haujarudi.

Ganda la pampu ya maji ya chumvi lilikuwa habari nyingine kabisa. Chuma cha kusubu cha kijivu kina vipande vyembamba vya grafiti ndani yake, na kikikaa katika maji ya chumvi, chuma huyeyuka taratibu huku grafiti na kutu vikibaki mahali pake, kwa hiyo umbo na unene havibadiliki na jicho hudanganyika. Tulipokwangua kwa kisu, uso uliacha unga mweusi, na mshono wa kwanza ulibanduka kwa sababu haukupata chuma cha kushika. Ilibidi kusaga mpaka ing'ae rangi ya chuma kizima, na upande mmoja hapakubaki unene wa kutosha kuchomelewa. Lawama hapo haiwezi kuwa ya fimbo. Kukwangua kwa kisu hakugharimu kitu, na ningependa kila karakana ya pwani ifanye hivyo kabla ya kumtajia mteja bei.

Duka nililonunua huziuza moja moja kutoka pakiti iliyo wazi. Unyevu unaoingia katika ganda la fimbo, yaani dawa iliyoizunguka kwa nje, huweza kuleta vitundu katika mshono, na vitundu katika pampu ni uvujaji, kwa hiyo pakiti iliyofungwa ni bora hata ikiwa ghali.

Kasoro ninayoiona ni kwamba pakiti haisemi lolote kuhusu kutu baada ya kazi. Nikeli ni metali tulivu kuliko chuma, hivyo vikilowa pamoja katika maji ya chumvi, chuma ndicho kinacholiwa. Mshono mdogo juu ya ganda kubwa hauleti hatari kubwa, kwa kuwa ulaji huo husambaa juu ya eneo pana. Hatari huja fundi anapopaka rangi chuma peke yake na kuuacha mshono uking'aa wazi: mkwaruzo mmoja katika rangi hubeba ulaji wote, na chuma hutoboka hapo. Ondoa mabaki yote ya ganda la fimbo, kisha upake rangi mshono wenyewe kwanza, na uipitishe mpaka juu ya chuma cha pande zote mbili.