Vipodozi vya Porini: Kipi Ujitengenezee, Kipi Ukiache Huko Huko

Habari zenu wapenzi watazamaji, karibuni tena. Leo mezani hapa kitu cha dukani ni kimoja tu, chupa hii ya mafuta ya nazi, ambayo ndiyo ninayochemshia mwarobaini. Vingine vyote nimechuma kwa mikono yangu huku Tanga. Unga huu wa kijani ni majani ya mkunazi. Mafuta haya ya kijani ni mwarobaini. Haya meusi kama oili chafu, msiyaogope, ni nyonyo. Na kwenye bakuli hili kuna ute wa shubiri mwitu ambao nikiuacha nje ya friji, kesho hautafaa tena.

Mmeniuliza sana kama hivi vitu vya kujitengenezea vinafanya kazi kweli au ni mbwembwe za mtandaoni. Jibu natoa mapema ili mwenye haraka aende zake: vikavu na vya mafuta, ndiyo, vingine vinafanya kazi vizuri sana. Vya majimaji vinaoza. Vipele vingi mnavyonitumia picha zake vimetokana na kopo la majimaji lililokaa kabatini wiki tatu.

Haya, tuanze na kipenzi changu, mkunazi.

Pwani yote hii, kutoka Lamu mpaka Mtwara, mkunazi haupandwi na mtu. Upo kwenye viwanja visivyojengwa, upo makaburini, upo nyuma ya shule, na watoto wanaupiga mawe wakati wa kunazi. Nawasogezea jani mlione. Huku juu ni kijani kinachong'aa, huku chini ni peupe, kuna vinyweleo laini ukipitisha kidole. Mistari mitatu inatoka kwenye kikonyo inakwenda mpaka karibu na ncha. Na hapa, oneni, mwiba umepinda kama ndoana. Huu ukikunasa khanga unaacha kipande, kwa hiyo unapokwenda kuchuma vaa nguo nzito.

Najua kuna mtu ameshashtuka huko: shoga, hayo si majani ya kuoshea maiti? Ndiyo yenyewe. Waislamu tunaoshea maiti kwa maji ya mkunazi kwa sababu yanasafisha, na nywele zangu pia zinahitaji kusafishwa. Ndugu zetu wa Omani wana mkunazi wa kwao, wanauita sidri, na unga wake unauzwa masokoni kwa ajili ya nywele za watu walio hai kabisa. Ndani ya jani kuna saponini, ndiyo inayotoa povu na kubeba mafuta na jasho.

Kutengeneza ni rahisi. Osha majani, anika kivulini siku kadhaa mpaka yakisagika kwa vidole. Usianike juani, rangi inapauka na harufu nzuri inaondoka. Twanga, kisha chekecha kwa mtandio mwepesi. Chujio la chai halitoshi, punje zinapita na utakuwa unazichambua kichwani mpaka jioni. Ukitaka kuoga, chukua vijiko viwili vya chakula, tia maji ya uvuguvugu kidogo kidogo, kisha piga kwa mkono. Sikilizeni... mnasikia hiyo sauti? Povu linapanda sasa. Siyo povu la shampuu, msitegemee hilo, ni povu dogo, zito, linateleza.

Matokeo yake: nywele zinatakata lakini hazikakamai. Mwenye nywele kavu za kipilipili kama zangu ataiona tofauti anapochana. Mwilini inaondoa taka bila ule ukavu wa sabuni ya kipande. Kasoro zipo. Inachoma macho, harufu ni ya majani makavu na siyo ya waridi, na mwenye rasta au misuko asijaribu kabisa, unga utakwama ndani. Ikiwa kavu kwenye chupa kavu inakaa miezi. Ukishaikoroga na maji, tumia siku hiyo hiyo, inayobaki mwaga. Naipa nane juu ya kumi.

Mwarobaini. Huu nao sina haja ya kuwaelekeza ulipo. Asili yake ni Bara Hindi, lakini hapa umeshakuwa mwenyeji kuliko sisi, unajiotea kila mahali, hata ukichuma kikapu kizima hujaharibu msitu. Ila angalia mahali. Usichume kando ya barabara kuu, majani yamejaa moshi na vumbi. Na usichume ndani au pembeni ya shamba la korosho msimu wa kupuliza dawa. Mnajua salfa inavyopeperuka, na siku hizi kuna na zile dawa za maji pia. Majani ya hapo usimpake mtoto.

Namna ninayotengeneza mimi: majani makavu yaliyovunjwavunjwa kikombe kimoja, mafuta ya nazi vikombe viwili, kwenye bakuli linalokaa juu ya sufuria ya maji yanayochemka taratibu. Moto usiguse mafuta moja kwa moja, utayaunguza. Saa mbili, tatu, halafu chuja kwa kitambaa safi. Nasisitiza MAKAVU. Jani bichi lina maji, maji yanajificha chini ya mafuta, na baada ya muda ukifungua chupa unakutana na ukungu na harufu ya kuvunda. Na chupa ikaushwe mpaka kwenye mfuniko.

Mafuta yangu haya yameganda kidogo hapa pembeni kwa sababu nimeyatoa kwenye friji. Hilo si tatizo, mafuta ya nazi yanaganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Ukisugua kiganjani yanayeyuka papo hapo. Harufu ni chungu, ndiyo, lakini si kama ile ya mafuta ya mbegu za mwarobaini yenyewe, ile inanuka vitunguu saumu na haitoki nguoni.

Yanafaa wapi? Ngozi ya kichwa yenye mba, viwiko, magoti, miguu inayopauka. Hapo nayapenda. Wapi hayafai? Usoni kwa mwenye chunusi! Na hapa nitagombana na nusu ya wanaotengeneza video za mwarobaini. Unasema mwarobaini unaua vijidudu vya chunusi, sawa, lakini umeuchemshia kwenye mafuta ya nazi, ambayo kwa watu wengi yanaziba vitundu vya ngozi. Mkono mmoja unajenga, mwingine unabomoa. Mwenye chunusi aachane nayo. Na jambo lingine la lazima: haya ni ya kupaka tu. Mafuta ya mwarobaini yakinywewa na mtoto mchanga yanaweza kumletea degedege na kumuua. Kuna bibi zetu wanaamini ni dawa ya tumbo. Shikamoo bibi, lakini hapana. Saba juu ya kumi, kwa mwili tu.

Sasa nyonyo, wengine mnaita mbarika. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu pana utamu na pana hatari.

Mmea mmeuona: unaota majalalani, kando ya reli, penye kifusi. Jani limegawanyika vidole, tunda lina miiba laini isiyochoma, mbegu zinang'aa, zina madoa ya kahawia. Tafadhali msichanganye na mbono kaburi, ule wa kuzungushia uzio, tunda lake halina miiba na mbegu ni nyeusi. Ule uacheni hapo hapo kwenye uzio.

Mbegu ya nyonyo ina sumu inaitwa risini. Mbegu chache tu zikitafunwa zinatosha kumuua mtoto. Mafuta yake hayana shida hiyo, kwa kuwa risini haiyeyuki kwenye mafuta na joto linaivunja. Ndiyo maana watu wamekunywa mafuta haya miaka nenda rudi kama haluli. Lakini yale mashudu yanayobaki ndiyo yenye mashaka. Usimpe kuku, usimpe mbuzi, chimba ufukie. Na kinu utakachotwangia kisirudi jikoni kamwe, tafuta kibovu ukitenge kwa kazi hiyo.

Kazi yenyewe ni hii. Vichume vishada vya matunda vikishakuwa vya kahawia, anika kwenye turubai na ufunike chandarua, kwa sababu vikikauka vinapasuka na mbegu zinaruka mpaka barazani. Kaanga mbegu kwenye sufuria ya zamani, nje ya nyumba, penye upepo. Twanga mpaka iwe uji mweusi mzito. Chemsha na maji mengi, mafuta yanapanda juu, unaengua kwa kijiko polepole, kisha unayarudisha motoni kwenye sufuria ndogo. Mwanzo yanatatarika. Hayo ni maji yanatoka. Yakinyamaza kimya, epua. Kama hukusubiri yanyamaze, umeweka maji chupani.

Angalieni uzito wake. Nikiinua kidole yanavutika uzi. Takriban asilimia 90 ya mafuta haya ni asidi ya risinoleiki, ndiyo inayoyapa unene huu, na ndiyo maana hakuna mafuta mengine ya mimea yanayofanana nayo. Kwa magaga sijaona mpinzani. Loweka miguu, sugua na jiwe, paka nyonyo, vaa soksi, lala. Kwenye ncha za nywele yanashika unyevu, nywele hazikatiki ovyo. Kwamba yanaotesha nyusi na kingo za nywele zilizokwisha? Mimi sioni. Yanachofanya ni kuzifanya zilizopo zionekane nene na zisivunjike. Anayewaambia zitaota upya ana chupa ya kuwauzia.

Alama zangu: mafuta tisa, kazi mbili. Mbegu ina karibu nusu yake mafuta, lakini kwa kuchemsha nyumbani unapata sehemu ndogo tu ya hiyo nusu, halafu yananuka moshi, mto wako utanuka moshi, na mume atauliza. Kwa hili, dada zangu, nunueni yaliyokamuliwa kwa mashine bila moto. Ni meupe, hayanuki, na hamtakaa na sumu uani penye watoto.

Bado shubiri mwitu, na hapa najua mtanichukia.

Huu ute ni mzuri. Ukiungua na jua, ukipaka unasikia ubaridi, unatulia. Lakini shubiri ya porini jani lake ni jembamba, ute kidogo, na ule utomvu wa njano unaotoka kwenye ganda ni mkali, unawasha, unatia madoa nguo. Lazima usimamishe jani wima, uchuruzike, kisha umenye kwa uangalifu. Baada ya kazi yote hiyo unapata vijiko vitatu vinavyokaa friji siku chache tu. Jambo linalonikera zaidi ni watu kung'oa shina zima. Aina zote za shubiri isipokuwa Aloe vera ile ya vyunguni zimo kwenye mkataba wa CITES wa biashara ya viumbe walio hatarini. Kwa nini uende kuifyeka ya porini wakati ya chunguni ina ute mwingi zaidi na inazaa vichanga kila mwaka? Panda moja kwenye kopo la rangi. Kata jani la nje, paka, basi. Ya porini naipa tatu, na hizo tatu ni za ubaridi.

Habari ni hiyo hiyo kwa msandali wa huku kwetu. Bibi aliyesaga liwa, yaani msandali wa kupaka, kwenye jiwe la msio alikuwa na kipande kidogo cha kijiti, akikitumia mwaka mzima. Sasa hivi mti unang'olewa na mizizi kwa sababu mafuta yako kwenye moyo wa shina na mizizini, mpaka mwaka 2013 nao ukaingizwa kwenye orodha ya CITES kwa nchi zetu za Afrika Mashariki. Liwa nunua kwa muuzaji unayemwamini. Panga na jembe viache nyumbani.

Na ndimu! Kila nikiweka video mtu anaandika "ongeza ndimu". Ndimu ikikaa kwenye ngozi halafu ukatoka juani, ngozi inababuka, inabaki na baka jeusi wiki hata miezi. Si mzio, maji ya ndimu yenyewe yanafanya hivyo yakikutana na jua. Ndimu mkamulie samaki.

Kabla hujapaka chochote kati ya hivi, paka kidogo hapa ndani ya kiwiko, ukae siku mbili. Ikiwasha au ikiwa nyekundu, hiyo si "ngozi inatoa sumu", hiyo ni ngozi inakataa.

Swali la mwisho lililojirudia: naweza kuuza? Kujipaka na kumgawia dada yako ni jambo moja, kubandika lebo ni jingine. Kwa Tanzania, vipodozi vilihamishiwa TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, mwaka 2019, kwa hiyo anzia huko ukaulize taratibu za usajili kabla hujatengeneza chupa mia. Na ukiandika kwenye lebo kwamba kinatibu ugonjwa, umeingia kwenye habari za dawa, hapo utaulizwa mengine.

Wiki ijayo nataka kupima mafuta ya mbegu za ubuyu. Mbegu ninazo gunia zima, ila ni ngumu mno, kinu kimeshindwa. Mwenye mashine ya kukamulia, au anayemjua mwenye nayo hapa Tanga au Muheza, aniandikie hapo chini na bei yake kwa kilo.