Chumba Master cha Dar kwa Mwenye Vitabu na Kamera

Ukimpigia dalali wa Sinza, Tabata au Kimara ukamwambia unatafuta chumba, atakutajia sifa nne kabla hujamaliza sentensi: vigae, jipsamu, choo ndani, fensi. Hakuna ubaya katika hizo nne. Ila mtu mwenye katoni tatu za vitabu, kamera na lenzi mbili ana mengine ya kuuliza, kwa sababu vigae havizuii fangasi kuingia kwenye lenzi na jipsamu haikupi mwanga wa kusomea. Kinachopimwa hapa ni chumba master cha kawaida cha Dar es Salaam: mita 3.5 kwa 4 hivi, choo ndani, dirisha moja, umeme wa kuchangia, kodi ya miezi 6 mkononi. Kinapimwa kama mahali pa kusoma, kupiga picha na kutunza vifaa. Kwa kazi hizo, master nyingi mpya zinapitwa na chumba na sebule cha nyumba ya zamani chenye madirisha pande mbili, hata kama choo kiko uani.

Anza na dirisha. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana hukaa upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki hupita juu sana, limeinamia kusini kidogo tu. Maana yake ni kwamba dirisha la kusini hupata mwanga laini sehemu kubwa ya mwaka, mwanga usiochoma ukurasa wala kukata uso wa mtu kwa vivuli vikali. Tena upepo wa kusi, unaovuma tangu Aprili hadi Septemba hivi, unatoka upande huohuo. Dirisha la mashariki linakubalika: jua linaingia asubuhi, ikifika saa 4 au 5 limeshapanda na chumba kinatulia. La magharibi ndilo la kukimbia. Kuanzia saa 9 alasiri jua linapiga ukuta, tofali linameza joto, na saa 4 usiku ukiuwekea ukuta kiganja bado una moto. Simu yako ina dira, itumie ukiwa umesimama dirishani, usikubali jibu la "hapa upepo upo, kaka."

Ukubwa wa dirisha nao unadanganya. Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma yanafunguka nusu tu, hivyo dirisha la futi 5 kwa 4 linakuachia futi 2.5 za kupitisha hewa. Dirisha la zamani la mbao la mabawa mawili, hata likiwa dogo, linafunguka lote. Pitisha kidole kwenye wavu wa mbu. Kikitoka cheusi, mwanga mwingi unaishia hapohapo, lakini wavu unaoshwa kwa brashi na sabuni na hiyo si sababu ya kukataa chumba. Kisichooshwa ni ukuta wa jirani. Nyumba nyingi za vyumba vya kupangisha zimejengwa hadi mpakani, na dirisha likitazama ukuta ulio mita moja tu mbele yake, utawasha taa saa 6 mchana mwaka mzima.

Kuna namna rahisi ya kupima mwanga bila kifaa chochote cha ziada. Fungua kamera ya simu, ingia sehemu ya Pro, weka ISO 100 (wepesi wa kamera kunasa mwanga) na shata 1/60 (muda wa kupokea mwanga, sehemu ya sekunde). Lenzi kuu za simu nyingi zina tundu la mwanga la f/1.8 hivi, na hesabu hii imejengwa juu ya hapo. Zima taa, fungua kitabu mahali utakapoweka meza, piga picha ya ukurasa mchana. Ukurasa ukitoka mweupe safi, hapo pana mwanga wa lux 500 hivi (lux ni kipimo cha mwanga unaofika mahali), kiwango kinachopendekezwa kwa meza za kuandikia na kusomea. Ukitoka wa kijivu, shusha shata hadi 1/30; ukiwa mweupe sasa, una nusu ya mwanga huo na kusoma bado kunawezekana. Ukilazimika kushuka hadi 1/8 ndipo ukurasa uonekane mweupe, hicho ni chumba cha kulala na si zaidi. Rudia kipimo hicho mita mbili kutoka dirishani, maana kwenye chumba cha dirisha moja mwanga unaanguka haraka sana na huenda ukagundua kwamba sehemu inayofaa ni ileile moja ambayo kitanda nacho kinaitaka.

Usiku shida ni nyingine. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa lumeni 800 hivi, zinatosha kuona njia lakini kwa kusoma unahitaji taa ya mezani iliyo karibu na kitabu. Umeme wetu ni wa hezi 50, na balbu za bei ya chini humeta mara 100 kwa sekunde. Jicho haliung'amui mmeto huo, kamera inauona: picha inatoka na mistari ya giza inayokatiza. Ukitumia shata 1/50 au 1/100 mistari inaondoka. Ikibaki kwenye video, badilisha balbu, usiilaumu kamera. Angalia pia taa ilipo ukilinganisha na pangaboi. Taa ikiwa juu ya mapanga, kivuli kinarukaruka kwenye ukurasa na baada ya nusu saa kichwa kinauma. Kwa msomaji, feni ya kusimama ni bora kuliko pangaboi lililofungwa vibaya.

Rangi ya ukuta inapuuzwa na wengi, na kwa mpiga picha ni kosa kubwa. Kuta za kijani kikali, pinki au zambarau zinarudisha rangi yake usoni mwa mtu, hasa shavu la upande wa kivuli. Kurekebisha rangi kwenye programu hakutibu, kwa sababu shavu moja linapata mwanga wa dirisha na jingine linapata mwanga wa ukuta, kwa hiyo ukisahihisha hili unaharibu lile. Omba ruhusa ya kupaka ukuta mmoja tu, ule unaotazamana na dirisha, rangi nyeupe isiyong'aa. Ukuta wa mita 4 kwa 2.7 ni mita za mraba 11 hivi. Galoni ya lita 4 inapiga mikono miwili na nyingine inabaki. Wenye nyumba wengi hukubali ukisema gharama ni yako.

Sasa unyevu, ambao ndio unaomaliza vifaa vya watu Pwani. Fangasi wa lenzi huota hewa ikikaa juu ya asilimia 60 hadi 65 ya unyevu kwa muda mrefu, na Dar inapita kiwango hicho siku nyingi za mwaka. Ndani ya master hali inazidi, kwa kuwa mvuke wa bafu unatokea mita mbili kutoka kabatini, na choo cha ndani kisicho na dirisha la nje huupeleka mvuke wote chumbani. Usikubali choo chenye tundu la hewa linalofungukia ndani ya chumba au kwenye korido.

Halafu inama uangalie chini ya ukuta. Rangi ikiwa imevimba, inabanduka, na kuna unga mweupe unaobaki kwenye vidole, hiyo ni chumvi. Maji yanapanda kutoka kwenye msingi uliojengwa bila karatasi ya kuzuia unyevu, yanabeba chumvi iliyomo kwenye mchanga na tofali, yanakauka juu na kuiacha pale. Rangi mpya iliyopakwa nusu mita ya chini peke yake, huku juu rangi ni ya zamani, mara nyingi inaficha jambo hilohilo. Chumvi ikifika juu ya goti, usiweke vitabu humo. Vijia vya udongo vinavyopanda kwenye fremu ya mlango ni mchwa, nao hawangoji mwaka uishe.

Chumba kikiwa kikavu kiasi, kamera bado inahitaji kasha lake. Begi la kamera ni mahali pabaya pa kuihifadhi: sponji inashika unyevu na ndani ni giza, mazingira ambayo fangasi anayapenda. Nunua kontena la plastiki lenye mfuniko wa mpira la lita 10 hivi, kipima unyevu kidogo cha betri, na silika jeli, yaani punje za kunyonya unyevu, gramu 300 hadi 500 za rangi ya chungwa. Weka punje kwenye mfuko wa kitambaa cha pamba, kipima unyevu kikitazama nje ili ukisome bila kufungua. Lenga asilimia 40 hadi 50. Ikishuka chini ya 30 punguza silika, maana mpira na grisi ya lenzi vinakauka. Punje zikigeuka kijani zimeshiba. Zitandaze kwenye trei ndani ya oveni kwa nyuzi 120 kwa saa moja hadi mbili, zirudi rangi yake. Punje za bluu ziache dukani: nyingi zina kobalti, yenye sumu, hazifai kukaushwa kwenye vyombo vya jikoni. Kila mwezi mulika lenzi kwa tochi ukiangalia kutokea nyuma. Fangasi mchanga anaonekana kama uzi wa buibui ukingoni mwa kioo. Akiwahiwa, fundi anamsafisha. Akichelewa, anakula utando wa kioo na alama haitoki.

Vitabu vinadai kidogo zaidi: viwe mbali na ukuta kwa sentimita 5, viwe juu ya sakafu, visibanane. Shelfu za MDF, mbao za unga wa mti uliogandishwa, zinavimba zikipata unyevu na kupinda katikati. Shelfu inayostahimili Dar ni mbao moja ya inchi 1 kwa 8 yenye futi 12, ikatwe vipande vitatu vya futi 4, pamoja na tofali tano za inchi 5 zilizokatwa nusu. Nusu tatu zilale chini, mbili miisho na moja katikati, zibebe mbao ya kwanza. Nusu tatu nyingine zisimame juu yake kubeba ya pili, na tatu za mwisho kubeba ya tatu. Nguzo ya katikati usiiruke, kwa sababu ndiyo inayozuia mbao kupinda. Umepata nafasi ya vitabu 110 hivi vya unene wa sentimita 2.5, sentimita 12 juu ya sakafu, bila msumari hata mmoja kwenye ukuta wa watu. Siku ya kuhama unabeba mbao, tofali unamwachia mama mwenye nyumba, naye hatakosa pa kuzitumia.

Kuhusu umeme, tatizo ni kuchangia, matumizi yako yenyewe ni madogo. Feni ya wati 60 kwa saa 10, laputopu ya wati 60 kwa saa 4, balbu kwa saa 5 na chaja za simu na kamera havifiki uniti 1 kwa siku. Sema uniti 27 kwa mwezi. Kwa bei ya kawaida ya shilingi 356, hiyo ni chini ya 10,000. Lakini nyumba ya wapangaji sita wenye mita moja inapita uniti 75 kwa mwezi bila shida, na hapo bei ya watumiaji wadogo ya shilingi 122 haipo tena kwa yeyote kati yenu. Msomaji mwenye feni anagawana sawa na mwenye friji na jiko la umeme. Chumba chenye LUKU yake, au angalau mita ndogo ya ndani, kina thamani kuliko jipsamu.

Mtaa gani? Kwa mwenye kipato cha kuanzia maisha, Kimara ni chaguo zuri kuliko sifa zake. Ni vilimani, hewa inapita, maji ya mvua yanateremka, na mwendokasi unakufikisha kituo cha DIT, ambapo Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa tarehe 9 Desemba 1967, ni mwendo mfupi wa miguu. Ukiendelea hadi Kivukoni unafika Soko la Samaki Feri, penye mwanga mzuri kuliko sehemu nyingi za jiji saa 12 na nusu asubuhi. Hapo omba ruhusa kwa wavuvi kabla ya kuinua kamera, na usiielekeze upande wa Ikulu. Udhaifu wa Kimara ni Jangwani, bonde ambalo mwendokasi unalikatiza kwenda mjini: mvua kubwa ikilijaza, mabasi yanasimama na siku yako imeisha. Upanga ni karibu zaidi na maktaba na ghorofa zake zina veranda na madirisha mapana, lakini kodi yake inahitaji watu wawili au watatu kuchanga. Kigamboni kuna ukimya wa kusomea na nafasi. Ukikaa karibu na ufukwe, hata hivyo, chumvi ya bahari inafika kwenye kamera kila siku, na kuifuta kwa kitambaa chenye maji safi kidogo kila ukirudi ni lazima.

Chumba chochote kione mara mbili: saa 7 mchana kwa joto na mwanga, saa 3 usiku kwa kelele. Fundi wa kuchomelea mageti hasikiki usiku, baa haisikiki mchana. Dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja juu ya ile ya mwenye nyumba, kwa hiyo miezi 6 ni pesa ya miezi 7. Usitoe chochote kabla ya kuonana na mwenye nyumba mwenyewe na kusoma mkataba unaotaja mita, maji na nani anatengeneza ukuta ukivuja. Siku ya kukabidhiwa funguo, piga picha za kuta zote hadi sakafuni, dari, mita ya LUKU ikionyesha namba na uniti zilizobaki, kisha mtumie mwenye nyumba kwa WhatsApp siku hiyohiyo, ujumbe ukiwa na tarehe.