Simuleta ya upasuaji yenye mrejesho wa mguso: uzoefu wangu Kisumu

Simuleta hii, inayokurudishia mkononi nguvu ya kile unachogusa, naitumia kufundishia laparoskopi, yaani upasuaji wa matundu madogo kwa kamera, hapa Kisumu. Inakueleza vizuri umegusa wapi. Inapokuonyesha umevuta kwa nguvu kiasi gani, usiiamini.

Ni ya mezani: vikono viwili vyenye mota, kompyuta na miwani ya uhalisia pepe. Kila kikono kinatoa nguvu ya juu ya niutoni 3.3, kama uzito wa gramu 330 hivi, na kwa mfululizo kisizidishe 0.88. Kwa kusogeza ini au kuinua kifuko cha nyongo, inatosha. Ukigusa mfupa, ncha inazama kama kisu kwenye papai bivu. Tena nguvu inakuja kwa mbele na nyuma, juu na chini, kulia na kushoto tu. Kusokota hakuna, na taya za koleo zinafumba bila upinzani wowote. Mwanafunzi aliyezoea hapa akienda kukaza fundo kwenye nyama halisi, anachana tishu. Kwa hiyo fundo nalifundishia kwenye kisanduku chenye kamera, kwa paja la kuku lenye ngozi, na namtaka aangalie ngozi inavyokunjamana kabla ya kukaza. Jicho hilo lina thamani: roboti za upasuaji za da Vinci zilifanya kazi zaidi ya miaka 20 bila kumrudishia daktari nguvu ya tishu, hadi toleo la 5 lililoidhinishwa Marekani mwaka 2024.

Kinachosumbua kuliko vyote ni mtetemo. Ukigusa kitu kigumu, kikono kinanguruma kiganjani kama simu inayotetema mezani. Hesabu ya mguso inatakiwa irudiwe mara 1,000 kwa sekunde, ilhali picha inatosheka na 90. Kompyuta ikichelewa kidogo, ncha inakuwa imeshaingia ndani ya ukuta kabla nguvu haijahesabiwa. Inatupwa nje kupita kiasi, inarudi, inatupwa tena. Funga programu zote nyingine, chomeka waya moja kwa moja kwenye kompyuta, kisha punguza ugumu wa tishu kidogo kidogo mpaka mngurumo ukome. Usikimbilie kununua kadi mpya ya picha, maana hesabu hii kwa kawaida hufanywa na prosesa.

Halafu joto. Saa nane mchana huku ziwani, mota zikishapata moto kinga inakata nguvu na ini linageuka hewa mkononi mwa mwanafunzi, naye hajui kama kosa ni lake. Nafundisha asubuhi, dakika 20 kazi, 5 mapumziko. Stima ikipotea, rudisha kalamu, yaani mpini wa kikono unaoushika, kwenye kikombe chake na usawazishe upya kabla ya kuendelea, hata kama picha inaonekana sawa.

Ukienda kuikagua kabla ya kununua, beba mizani ya springi. Ifunge kwenye ncha, agiza kikono kivute niutoni 2 kuelekea kando, si chini, ili uzito wa kikono chenyewe usiingie kwenye kipimo. Isome karibu gramu 200. Pima kikono cha pili vilevile, kisha fanyeni kazi dakika 20 na urudie vipimo vyote mota zikiwa moto. Muuzaji akikataa kipimo hicho cha mota moto, usilipe.